Gunia

Gurudumu la mbele lilinasa kwenye ufa kati ya mawe ya kichochoro, na Yuliana, badala ya kuinama alinasue, alicheka kwanza.

"Doris, subiri kidogo," alisema, waya wa simu ukining'inia sikioni. "Gunia limekwama."

Kule Morogoro mdogo wake naye akaangua kicheko. Bi Zuweina alikuwa ametulia kwenye kiti chake cha magurudumu, mikono mapajani, macho yakiutazama mnara wa upepo uliochomoza juu ya mapaa. Hakugeuka. Yuliana alikikamata kiti kwa nyuma, akakiinamisha, akakisukuma kwa goti mpaka kikachomoka, na safari ikaendelea.

Ilikuwa Ijumaa, kabla ya adhana, na mji mkongwe wa Dubai ulikuwa bado haujajaa watalii. Siraje, dereva, aliwashusha nje kwa kuwa gari haliingii humo. Vichochoro ni vyembamba, kuta zina rangi ya mchanga, na nyumba zimesogezwa pamoja makusudi ili kivuli cha moja kiiangukie nyingine. Bi Zuweina ndiye aliyeomba kuja, kwa Kiarabu chake kifupi na kidole. Siku zote alikuwa mtu wa kupelekwa na kurudishwa, na mwanawe Yaqoub alistaajabu kusikia mama yake anataka jambo. Yuliana hakustaajabu. Kwake ulikuwa mzigo uleule, isipokuwa leo ulisukumwa juu ya mawe.

Jina la Gunia alilitunga mwenyewe, wiki za mwanzo, mgongo ulipokuwa ukimwaka kwa kumnyanyua bibi huyo kutoka kitandani. Lilianza kama utani wa kujiliwaza, likazoeleka. Gunia nimelikogesha. Gunia leo limegoma kula. Gunia limelowesha pampasi tena, na harufu yake usiniulize. Siku moja, nyumbani kulipomkaa sana rohoni, alimwambia Doris kwamba Mungu amelisahau gunia lake duniani na hana haraka ya kulifuata. Yote hayo aliyasema huku akimchana bibi nywele, akitabasamu, kwa sauti tamu ya kubembeleza mtoto, ili mwenyewe adhani anaimbiwa. Alijiona mjanja kweli kweli.

Siraje alijaribu kumwonya zamani. "Dada, hii town unachunga mudomo," alimwambia kwa Kiswahili chake cha Kampala. "Hawa wazee wengine wanajua hii lugha kupita sisi." Yuliana alicheka, na alichokicheka ni ule "mudomo", onyo lenyewe lilimpita.

Mbele ya mlango mmoja wa mbao Bi Zuweina aliinua kidole. Nyumba ilikuwa wazi kwa wageni, na ndani hapakuwa na mtu. Walivuka ua wenye mti mmoja, wakaingia katika chumba kirefu chenye ubaridi. Bi Zuweina aliinua uso akaitazama dari, boriti nyembamba zilizopangwa bega kwa bega, zimekolea weusi wa miaka. Alitazama kwa muda mrefu hata Yuliana akaona bora aendelee na simu yake.

"Boriti hizi zimetoka kwetu," sauti ikasema. "Nilipoletwa humu bibi harusi, nilikuwa nikilala chali nikizitazama. Nikijiambia, haya, si peke yangu mie niliyevushwa bahari."

Yuliana aligeuka nyuma kumtafuta aliyesema. Mlangoni palikuwa patupu. Kiswahili kile kilikuwa cha Unguja, laini, kisicho na haraka, na kilikuwa kimetoka kwenye kiti.

"Nani huyo anaongea?" Doris aliuliza sikioni.

Alikata simu na kuung'oa waya. Kwanza ilikuja hofu. Yaqoub ndiye kafeel wake, mdhamini wa kibali chake cha kazi. Neno moja tu kutoka kwa mama yake, na Yuliana angepandishwa ndege na sanduku lake bila kuulizwa. Lakini hofu haikukaa. Nyuma yake maneno yake mwenyewe yalianza kumrudia, moja moja, kila moja na ile sauti yake tamu. Uso ulimwaka. Alitamani mawe ya sakafu yafunguke. Ndipo akatambua na jingine, kwamba amemwogesha mtu wa umri wa bibi yake, amemlisha na kumvisha, na hajawahi hata siku moja kumwamkia.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba, mwanangu." Jibu lilikuja upesi, kama lililokuwa limewekwa tayari mdomoni.

Yuliana aliiweka simu sakafuni, akapiga magoti kando ya gurudumu. "Bibi, kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungenyamaza." Bi Zuweina aliivuta shela yake mabegani. "Wa kusema nao wamekwisha wote. Watoto, baba yao hakutaka waijue lugha hii. Ukaja wewe, chumba kikajaa maneno. Ungejua nafahamu, ungeniletea 'yes madam' asubuhi mpaka jioni. Basi nikanyamaza, nikala kilichopakuliwa."

"Hata yale ya..."

"Hata hayo. Yaliniuma, usidhani. Lile la Mungu kunisahau lilin'liza. Lakini ulilisema kwa Kiswahili kizuri."

Yuliana aliinamisha kichwa. Angetukanwa angejua pa kushika. "Nisamehe, Bibi," alisema, na bibi hakusema amemsamehe wala hajamsamehe. Aliitazama tena dari.

Simu ikaanza kutetemeka sakafuni. Doris. Yuliana aliinyakua aizime.

"Pokea," Bi Zuweina alisema. "Wazee wa Elias wamekuja kumposa mdogo wako au hawakuja? Tangu Jumanne mmeniacha njia panda."

"Bibi, tafadhali, nitampigia baadaye."

"Pokea, nakwambia. Na itoe sauti nje. Siku zote nasikia upande wako tu. Leo nami niusikie wa pili."

Yuliana alibonyeza. Sauti ya Doris, changa na yenye kicheko, ilijaa chumba chote mpaka kwenye boriti.

"Enhe, dada! Gunia limenasuka?"

Bi Zuweina aliinamisha kichwa kidogo upande wa simu, kama mtu asiyetaka neno limpite. Yuliana, magotini, mkono juu ya gurudumu, alifungua kinywa kumjibu mdogo wake, na hakujua atumie sauti gani.