Lango Lililojifunga Lenyewe

Kwanza naona viti vinatazamana, kama watu waliogombana kabla ya kukaa. Redio nimeiacha ikisema wabunge wa Uingereza wamepiga kura tena juu ya kutoka Umoja wa Ulaya, wamekataa tena, na usingizi unanipeleka humo humo. Natembea barabara inayorudi ilikotoka, mpaka kwenye miji miwili inayofanana kama uso na kioo, na katikati yake lango. Mji wetu unataka kujitenga na wa ng'ambo. Ng'ambo ameolewa dada yangu Tunu, ana mimba ya kwanza, na jua likizama kabla hoja yoyote haijapita, lango litajifunga lenyewe. Spika hana uso. Anauliza, tujitenge na tufunge lango? Tunapita milangoni kuhesabiwa, huu wa ndiyo, huu wa hapana. Hapana inashinda. Anauliza tena, tusijitenge? Hapana. Tujitenge, lango libaki wazi? Moyo unaniruka, hili kila mtu anaweza kuishi nalo. Lakini Bi Kidawa, anayetaka lango lifungwe, ananivuta kanga, wewe binti, usikimbilie ukoko, wali wenyewe unakuja. Anaingia mlango wa hapana. Mzee Shomari, asiyetaka kujitenga kabisa, anaingia naye huku akicheka, leo mlango mmoja, Kidawa, watu watadhani tumeoana. Bi Kidawa anamrudishia, nani aolewe na wewe, usiyejua kutoka hata kwa mama yako! Hapana inashinda tena, wanakaa, kila mmoja anangoja hoja yake irudi. Spika anasema, kanuni hairuhusu, iliyokataliwa hairudi. Nashikwa na hasira mpaka meno yanauma. Kwa sauti ndogo namuuliza, mbona tunapiga kura na hatufiki? Ananijibu, swali ni barabara, binti, anayeichonga ndiye anayejua inaishia wapi. Una neno? Ukumbi mzima unanigeukia. Mimi darasa la tano sikulimaliza. Natikisa kichwa. Jua linazama, lango linasaga mawe, na Tunu ananiita kwa jina la utotoni mpaka sauti yake inakatika.

Naamka, au nimehama tu chumba. Redio inasema watapiga kura tena. Mama anauliza, unalia nini? Nasimama kitandani, nasema kwa sauti: Mheshimiwa Spika, usituulize tunakataa nini. Weka lango wazi kando ya lango lililofungwa, utuulize tunachukua lipi.