Madigadi ya Kushoto

Gari la marehemu baba lilikuwa limekaa nyuma ya nyumba kwa miaka mingi, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma na kutu ikila kutoka chini kwenda juu kama maji yanavyopanda ukutani. Kiwanda kilicholiunda kilikwisha kufungwa, na vipuri vyake havikupatikana hata kwa wauza vyuma chakavu. Aliyetaka kulifufua ilimpasa aviunde mwenyewe, kimoja baada ya kingine, kwa bati, nyundo na subira.

Waliojitwika kazi hiyo walikuwa ndugu wawili. Mdogo alikuwa mpima ardhi mstaafu, mtu wa mstari ulionyooka na neno lililonyooka, ambaye hata wajukuu walimwita Milimita, tena mbele yake, kwa kuwa hakuona tusi lolote ndani ya jina hilo. Kaka yake alikuwa fundi wa bodi za magari. Huyo alikuwa amenyoosha kila kilichopondeka katika mji ule, isipokuwa, kama alivyopenda kusema mwenyewe, tabia za madereva.

Lakini mikono ya kaka ilikuwa imeanza kutetemeka. Wateja waliiona chai ikimwagikia kisosi, wakajifanya wamesahau kitu, wakaenda gereji ya pili. Hatimaye wanawe, waliokuwa wakiiendesha karakana, walimwekea kiti kivulini na kumpa cheo cha msimamizi. Mtu mzima hahitaji kamusi kwa maneno kama hayo. Gari la baba ndilo lililomwinua. Kwake yeye lile halikuwa gari tena. Lilikuwa shahidi wa mwisho kwamba bado ni fundi. Milimita alilijua hilo tangu siku ya kwanza, kwa sababu aliambiwa.

"Mdogo wangu," kaka alimwambia walipokuwa wakiwatimua kuku, "hili nikiliweza, wale watoto nitawaachia karakana yao kwa moyo mweupe. Nikishindwa, niambie wewe. Nisisikie kwao."

"Nitakuambia."

"Usoni."

"Usoni, kaka. Umewahi kunisikia nikisema kisogoni?"

"Sijawahi. Ndiyo maana huna marafiki."

Wakaanza. Milimita alichora na kukata vigezo vya kadibodi, akavipima na kuvipima tena, kisha akavihamishia kwenye bati. Kaka alikunja, akagonga, akachomelea. Waliunda sakafu mpya, maana ile ya zamani ungeweza kuona nyasi kupitia humo. Waliunda pete za taa, mikono ya kushikia bampa, na kisanduku cha dashibodi ambacho mama alikuwa akiwekea miwani yake. Katika vitu vidogo kama hivyo mtetemeko hauonekani. Jiliwa kwenye meza ya kazi hushika kinachopaswa kushikwa, na tupa husamehe mengi. Jioni mke wa Milimita aliwaletea chai, akawakuta wamekaa juu ya matairi wakibishana kama watoto kuhusu nani aliyewahi kulitapikia gari lile.

Kaka alifundisha huku akifanya kazi, na hakuwa mwalimu mpole. Siku moja Milimita aliona weko, ule mshono wa kuchomelea, limepinda kwenye pete ya taa, akachukua tupa ili alisawazishe. Kaka akamshika mkono.

"Hilo weko la nani?"

"Lako. Limepinda kidogo tu, nataka..."

"Basi niite. Sikia, mpima ardhi. Katika kazi hii mtu haifumui kazi ya mwenzake aliye hai. Ikiwa mbaya unamwita, unamwonyesha, anaifumua mwenyewe. Ukiifumua wewe, umemzika."

"Kwa weko moja?"

"Hata kwa ribiti moja. Lete hiyo tupa."

Ikabaki madigadi ya mbele, upande wa kushoto. Hiyo ilikuwa imelika kabisa, na ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko yote, kwani bati lake linapaswa kuvimba juu ya gurudumu, kisha lijikunje kuelekea taa, kisha lishuke taratibu hadi likutane na mlango. Umbo la namna hiyo halikunjwi kwa mashine ya nyumbani. Bati huwekwa juu ya mfuko wa mchanga, likapigwa kwa ndani, pigo kando ya pigo, hadi liitike. Kaka alilipiga kwa wiki kadhaa. Milimita alimtazama akishika kiwiko cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto ili nyundo isiyumbe, akageuza macho, akajifanya anatafuta penseli.

Madigadi ilipofungwa mahali pake, kaka alirudi nyuma hatua chache, akajifuta jasho.

"Unaionaje?"

Milimita aliiona vizuri sana. Mwanya kati ya madigadi na mlango uliingia kidole juu, na chini haukuingia hata ukucha. Bega la bati lilikuwa na mawimbi. Kwa ndani, alama za nyundo zilikuwa zimetawanyika kama kwenye bati lililopigwa na mvua ya mawe. Alikuwa amewahi kumrudisha msaidizi wake porini kwenda kung'oa jiwe la mpaka kwa kosa dogo kuliko hilo. Kaka alikuwa akimtazama usoni, wala hakupepesa.

"Imekaa," Milimita akasema.

"Imekaa?"

"Imekaa, kaka."

Mtu mkweli akidanganya hudanganya vibaya, kwa kuwa hana mazoezi. Lakini pia huaminiwa haraka, kwa kuwa hana historia. Kaka alicheka kidogo, akafunga vifaa vyake, na kesho yake akasafiri kwenda kumwona binti yake aliyejifungua. Aliondoka akipiga mluzi.

Kila asubuhi baada ya hapo Milimita alikwenda nyuma ya nyumba na rula yake ya chuma, akaichomeka kwenye mwanya ule, kana kwamba bati lingejirekebisha kwa kuona aibu. Mkewe alimvumilia siku chache, kisha akamfuata huko huko.

"Mwambie akirudi."

"Nitamuumiza."

"Na wewe umeanza lini kuogopa kuumiza watu? Mimi ulinishushia mapazia mbele ya wageni kwa kuwa yamepinda."

"Mapazia si kaka yangu."

"Hasa. Mapazia hayakukuomba uyaambie ukweli. Mzee, njia ya mwongo ni fupi, na wewe hata hiyo fupi huijui, utapotea."

Hakumsikiliza. Alikuwa amekwisha kupata wazo, na wazo lenyewe alilipa jina zuri: huruma. Angeiondoa madigadi ile, aunde nyingine iliyo sawa, aifunge mahali pake, na kaka asijue kamwe. Gari lingenyooka, na kaka angebaki fundi. Pande zote mbili zingepata haki. Ndivyo alivyojiambia, na kwa mtu aliyekesha maisha yake yote akilinda mipaka ya watu, ni ajabu kwamba hakuuona mpaka aliokuwa akiuvuka.

Tatizo lilikuwa upande wa ndani. Kaka alikuwa na desturi ya kupapasa kazi kwa ndani kabla ya kuitazama kwa nje. "Nje ni kwa ajili ya mwenye gari," alizoea kusema, "ndani ni kwa ajili ya fundi." Bati lililopigwa na mkono wa Milimita lingejulikana papo hapo. Basi akafungua buti. Mfuniko wa buti kaka aliuunda ujanani, mwaka ule baba aliporudi kinyumenyume akaugonga mlingoti. Milimita akalala chali chini yake na taa mkononi, akausoma kama alivyokuwa akisoma ramani. Alama zilikwenda safu kwa safu, zikipandana kidogo, kila moja ikifunika ukingo wa mwenzake kama magamba ya samaki. Na kila safu ilipofika mwisho ilijipinda kushoto, kwa kuwa kaka alipenda kuzunguka mfuko wa mchanga badala ya kuugeuza.

Alifanya mazoezi kwenye vipande vya bati hadi kiganja kikapasuka. Kisha akaiunda madigadi. Alizunguka mfuko wa mchanga kama kaka, akapinda safu zake kushoto kama kaka. Ilipokamilika, mwanya ulikuwa mmoja toka juu hadi chini, bega lilikuwa laini kama yai, na kwa ndani magamba yalilala safu kwa safu. Ni lazima isemwe, kwa kuwa haki ni haki, kwamba ilikuwa kazi bora. Ile ya kaka aliikata vipande, akazibia matundu mawili yaliyokuwa bado wazi kwenye sakafu mpya, maana aliona dhambi kutupa bati zima.

Kaka alirudi na picha za mjukuu kwenye simu, akazionyesha hadi kwa fundi wa maji aliyekuwa akipita njia. Kisha akaenda kwenye gari. Aliinama, akaupitisha mkono chini ya madigadi, akapapasa huku akiendelea kusimulia jinsi mtoto anavyopiga chafya. Simulizi ikakatika katikati ya chafya.

Akapapasa tena, polepole.

"Nani kapiga hii?"

"Si ni ile yako?" Milimita akasema. "Nimeisugua kidogo tu."

Kaka aliufuata mstari mmoja wa magamba hadi mwisho wake, pale ulipopinda kushoto. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesikia sauti ya marehemu katika chumba cha pili.

"Huu ni mkono wangu," akasema. "Lakini si huu nilio nao. Huu niliuacha zamani, baba akiwa hai. Leo siwezi kupiga alama mbili zikalingana hivi hata unishike kiwiko. Umeutoa wapi, mdogo wangu?"

Milimita alitazama chini. "Kwenye buti."

"Kwenye buti." Kaka aliutoa mkono, akaufuta kwenye suruali. "Umejifunza. Hii ni nzuri kuliko yangu. Sikutanii."

"Mwanya ulikuwa mbaya, kaka. Juu kidole kinaingia, chini hata ukucha hauingii."

"Niliuona."

"Uliuona?"

"Mimi natetemeka mikono, macho hayatetemeki. Niliuona, nikakuuliza. Nilikuwa nakungoja wewe. Ukasema imekaa. Nikajiambia, kama Milimita kasema imekaa, basi labda macho nayo yamekwisha. Njia nzima hadi kwa binti yangu nilikuwa nayalaumu macho yangu." Akaitazama tena madigadi. "Ile yangu iko wapi?"

"Nimeikata. Imeziba sakafu, upande wa dereva."

"Basi inakanyagwa."

Alisema hivyo bila ukali, kama anayeulizia hali ya hewa, na pengine ni huko kukosa ukali kulikomfanya Milimita apandishe sauti.

"Kaka, hili gari la baba. Ulitaka liingie barabarani limepinda ili wewe ufurahi? Nilikuwa sahihi. Kila mtu akiliona atakwambia nilikuwa sahihi."

"Ulikuwa sahihi. Nani kabisha? Ulitakiwa uniite. Ningeifumua mwenyewe, nikaipiga tena, nikashindwa tena, nikakuambia, haya, chukua wewe. Ningekupa nyundo kwa mkono wangu huu huu. Hukuniachia hata kushindwa."

"Nilitaka usiumie."

"Kwa hiyo ukanighushi."

Mke wa Milimita alikuwa amefika na sinia la chai, akasimama nalo, hajui aliweke wapi.

"Shemeji, karibu chai."

"Ahsante, shemeji. Leo sikai."

"Nyundo zako, kaka," Milimita akasema alipomwona anaondoka mikono mitupu.

"Ziache tu. Mkono wa kuzishika unao wewe."

Gari lilikamilika kwa msaada wa fundi wa rangi na fundi wa injini, wote wawili wa kukodi. Milimita alikwenda nyumbani kwa kaka mara kadhaa, akapokewa vizuri, akapewa kiti na maji ya kunywa, akaulizwa habari za afya. Neno la gari kaka hakulitaja. Milimita naye hakuomba radhi. Aliyatayarisha maneno, akayapima, akayaona kila mara yamezidi au yamepungua. Na ndani yake kulikuwa na sauti iliyokuwa ikisema bado kwamba mwanya wa kidole ni mwanya wa kidole. Sauti hiyo hakuweza kuizima. Ilikuwa imemlea.

Siku ya kuliingiza gari barabarani alimtuma mpwa wao kumwalika kaka. Kaka alikuja. Alivaa koti lake la harusi na viatu vilivyopakwa rangi, akasimama mbele ya gari na mikono nyuma, kama mtu aliyealikwa kwenye ufunguzi wa jengo la wengine.

"Hongera sana," akasema. "Kazi nzuri. Marehemu angefurahi."

"Njoo mbele, kaka. Kiti cha baba."

"Hapana, nyuma panatosha. Nisije nikakusumbua ukiendesha."

Akakaa nyuma. Milimita aliendesha, akimtazama kwenye kioo. Kaka alisifu injini, akasifu viti, akasifu utulivu wa gari kwenye kona. Alisifu kila kitu kwa zamu, kwa adabu ile ambayo abiria humpa mtu aliyemsaidia njiani, na kwa safari nzima mikono yake ilikaa imekunjwa mapajani. Hakugusa mlango, wala dirisha, wala mgongo wa kiti cha mbele. Milimita alijaribu kukumbushia nani aliyetapika.

"Siku nyingi," kaka akajibu kwa upole. "Nimesahau."

Mbele ya nyumba yake aliomba kushushwa.

"Ahsante kwa lifti. Msalimie shemeji."

"Kesho nitapita, kaka."

"Karibu wakati wowote. Nyumba iko wazi."

Akashuka, akaushika mlango kwa vidole viwili, akaufunga polepole kama mtu anayefunga mlango wa gari asilojua bei yake, akaingia ndani. Milimita alibaki kwenye usukani, injini ikiunguruma vizuri. Nyayo zake mwenyewe zilikuwa juu ya sakafu, pale palipozibwa kwa bati la kaka.