Modeli Iliyoitwa Nyathira

Kompyuta iliuliza swali, na nyumbani hapakuwa na mwingine wa kulijibu ila mimi.

Chemutai, mjukuu wangu anayesomea takwimu chuoni, alikuwa ametoka mbio kumfukuza ng'ombe aliyekata kamba akaingia kwenye majani chai. Alikuwa ndiyo anafunga kazi. Kisanduku kikabaki katikati ya kioo: modeli ihifadhiwe, ndiyo au hapana? Mimi nilifika darasa la saba. Kiingereza cha ndiyo na hapana kinanitosha.

Wiki moja kabla, nilimwekea mezani madaftari yangu ya mvua. Alitaka kuunda modeli ya kubashiri mvua ya miezi ijayo, na mimi nimepima kwa mkebe miaka ishirini na sita, kila asubuhi, isipokuwa asubuhi za matanga, za harusi, na zile za uvivu. Alifungua, akafunga, akaniambia mimi bibi yake:

"Kogo, yana mashimo. Hii kitu inataka siku zifuatane."

"Si uweke sifuri hapo? Nani atajua?"

Akacheka, akavuka ua kwenda kwa jirani yetu Nyathira. Nyathira! Alipohamia hapa Litein, nani alimfundisha kupima mvua kama si mimi? Na hakuruka siku hata moja, hata ile aliyojifungua. Kila jioni Chemutai alirudi ananukia mukimo wa jirani, vile viazi vya kupondwa na mahindi, akinisimulia: mwaka huu mkebe ulitoboka, Nyathira anakumbuka; mwaka ule ni mvua ya mawe, Nyathira anakumbuka.

"Ako na kichwa, Kogo!"

Na mimi juu ya shingo nimebeba nini, kabichi?

Hata faili aliipa jina hilo: Nyathira.

Nikabonyeza hapana. Nilijua ninachofanya, nisiwadanganye.

Chemutai alirudi na matope hadi magotini, akakitazama kioo. Namba za mvua zilikuwa salama. Modeli ndiyo iliyopotea, pamoja na masahihisho yote waliyoyafanya wawili hao.

"Lazima nilibonyeza vibaya nikikimbia," alisema, macho yamemjaa machozi.

Sikumsahihisha.

"Basi itabidi nianze tena na yeye. Nitalala huko huko, Kogo, nimalize haraka."

Akabeba kompyuta, chaja na blanketi.

Wiki hiyo nzima nilipalilia kando ya ua wa Nyathira, mahali ambapo hapakuwa na magugu. Niliwasikia wakicheka. Nikazidi kupalilia.