Gari Lisilokohoa

Shangazi yangu ana gari la mikate ambalo mtaa mzima unaliita Bi Kikohozi. Hawamwiti hivyo kwa dharau. Kila alfajiri akifika kwenye kona ya mlima, pale barabara inapoinuka ghafla kati ya ukuta wa shule na nyumba za ghorofa, Bi Kikohozi hukohoa, hutulia kidogo, kisha hukohoa tena kama mtu anayetaka kuomba neno kikaoni. Halafu hupanda.

Mwaka huu alianza kutoa moshi wa buluu. Fundi wake, ambaye wote tunamwita Spana, alimfungua kifua uani nyuma ya bekari, akachungulia, akafunga polepole.

"Mama Mikate, huyu hamalizi mwezi," alisema. "Injini imechoka. Lakini nimempatia nyingine kwa jamaa yangu, bado ina nguvu. Atatuwekea mpaka Ijumaa."

Hapo ndipo nami nikatia mdomo. Nilikuwa nimemaliza chuo, nasubiri kazi, na katika kusubiri nilikuwa nampangia shangazi mikate kwenye kreti. Nilijua kampuni moja inayoazimisha magari ya umeme kwa wenye biashara ndogo, wayajaribu wiki moja kabla ya kuamua kuyakodi.

"Shangazi, kabla hujaweka injini nyingine, jaribu la umeme. Wiki moja tu."

"Umeme," alirudia huku akijipangusa unga mikononi. "Huu huu unaokatika katikati ya taarifa ya habari?"

"Huu huu."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Haya. Ijumaa nachagua. Lakini ujue, mwanangu, mteja wangu akishazoea mkate wa supamaketi, harudi. Sina mtaa mwingine wa kuanzia upya."

Gari lilipoletwa, Spana alikuwa wa kwanza kulifungua boneti. Alisimama muda mrefu mikono kiunoni.

"Injinia," aliniita, maana tangu nirudi kutoka chuoni hajaniita jina jingine, "injini iko wapi?"

"Ile pale, mjomba. Ile ndogo."

"Ile? Ile ni sufuria."

Akachukua bisibisi yake ndefu, akagusisha ncha kwenye lile umbo la chuma, na mpini akauweka sikioni, kama anavyosikiliza injini zote. Nililiwasha. Alisikiliza, akahamisha bisibisi, akasikiliza tena.

"Vipi?" shangazi aliuliza.

"Nimebisha hodi. Hamna mtu ndani."

Shangazi naye alikuwa na maswali yake, na aliyauliza huku akikanda, bila kuinua kichwa. Likinyeshewa? Nilimwambia betri imefungwa vizuri, mvua haiingii. Umeme ukiishia mlimani, atalisukuma au atalibembeleza? Nikamwambia tutalichaji mchana, tukisharudi, na mzunguko wake wote wa asubuhi hautafika hata nusu ya betri. Yale magari yanayosifiwa kwa kwenda mbali yana betri kubwa na bei kubwa. Lake yeye haliendi mbali, linasimama mara nyingi tu. Alilitafakari hilo.

"Na kinuni?" aliuliza. Kinu cha unga kiko mji wa pili, na yeye huenda mwenyewe kila mwisho wa mwezi.

"Kwenda litafika. Kurudi, bila kulichaji kule, sidhani."

"Basi hapo limeshindwa."

"Hapo limeshindwa," nilikubali. Sikutaka kumdanganya, hata kwa nia njema.

Jioni tulilipeleka mlimani likiwa na mifuko ya unga. Lilipanda kama linashuka. Tulipogeuka kurudi, shangazi, aliyekuwa kwenye usukani, alikodolea macho namba ya betri.

"We! Imepanda! Nani ameichaji?"

"Wewe. Gari likishuka, mota inazungushwa na magurudumu, inatengeneza umeme kidogo na kuurudisha kwenye betri."

"Yaani likipanda linakula, na likishuka linarudisha chenji?"

"Bi Kikohozi hajawahi kurudisha chenji tangu azaliwe," alisema Spana kutoka nyuma, amekaa juu ya unga. Alijaribu kuisema kwa kejeli, lakini nilimwona naye akinyoosha shingo kuitazama ile namba.

Niliamini tumeshinda. Jumatatu alfajiri tulitoka, shangazi na mimi, kimya kabisa, hata ndege tuliwasikia. Tulipanda kona, tukasimama mahali pote anaposimama. Walitoka wachache, wale ambao tayari walikuwa njiani kwenda kazini. Tulirudi na kreti nyingi bado zimejaa.

"Jumatatu," alisema shangazi. "Watu wana mikate ya jana."

Jumanne tulirudi nazo nyingi zaidi. Mchana umeme ukakatika mpaka usiku, na hilo ndilo nililokuwa naliogopa wiki nzima. Lakini Jumatano asubuhi betri ilikuwa na umeme wa kutosha, tukazunguka kote bila shida. Gari halikuwa na kosa. Mikate tu ndiyo haikununuliwa. Shangazi alivunja mmoja katikati, akaunusa, akautafuna, akampa Spana autafune.

"Ni ule ule," Spana alisema mdomo umejaa. "Labda gari lina mkosi."

"Mjomba!"

"Nasema labda."

 Shangazi alikuwa amekaa juu ya kreti, akitazama zile nyingine, na kwa mara ya kwanza alionekana mtu mzima aliyechoka. Nilitamani nirudi nyuma wiki moja nijizibe mdomo.

Kabla ya saa sita aliingia mshonaji wa ghorofa ya tatu, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni.

"Jamani, Mama Mikate, umetususa? Au unaumwa?"

"Kuumwa? Nimepita kwako jana, na juzi, na leo."

"Umepita na nini? Mimi nasikia kikohozi, nateleka maji ya chai, nachukua mfuko, nashuka. Nikifika chini, na wewe ndiyo unafunga breki. Siku hizi nateleka kwa kukisia, maji yananichemkia mpaka yanakauka. Nakusubiri tu."

Tulitazamana, shangazi, Spana na mimi. Nilikuwa nimefikiria betri, mvua, mlima na mgao wa umeme. Sikuwa nimefikiria kwamba ile kona ilikuwa saa ya mtaa mzima, na kwamba kengele yake ilikuwa ugonjwa wa gari.

"Kwa nini tusipige honi?" nilisema.

Shangazi alitikisa kichwa. Hajawahi kupiga honi mlimani. Kuna watoto wachanga, kuna nesi anayerudi kutoka zamu ya usiku. Ni jambo analojivunia kuliko hata mikate. Hata hivyo Alhamisi asubuhi, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine, alibonyeza mara moja, kifupi. Mbwa wote wa mlimani waliitikia. Dirisha likafunguka, nesi akatoa kichwa.

"Mama Mikate! Na wewe pia?"

Shangazi aliutoa mkono kwenye honi kana kwamba imemuunguza. 

Nilipendekeza ujumbe wa simu kwa wateja wote. Alinikumbusha mzee wa ghorofa ya juu, ambaye simu yake haijui chochote ila kuita. Ndipo nikasema, nusu kwa utani, "Basi tumrekodi Bi Kikohozi. Tuweke spika."

Nilitegemea wacheke. Spana alishaondoka kutafuta ufunguo.

Alimwasha pale pale uani. Niliweka simu karibu na boneti. Injini iliguruma, ikatetemeka, ikatoa vikohozi viwili vyembamba. Shangazi alisikiliza amefumba macho.

"Siye huyo," alisema. "Huyo anasafisha koo tu."

"Kweli," alisema Spana. "Hana mzigo. Yeye hukohoa akibeba."

Basi tukambebesha mifuko yote ya unga iliyokuwa stoo, kisha saa kumi jioni Spana akashika usukani, mimi nikakaa pembeni, mkono na simu nje ya dirisha. Shangazi alitufuata na lile la umeme. Tulipofika kwenye kona, Spana alipunguza mwendo kama shangazi anavyopunguza, akakanyaga mafuta kama anavyokanyaga, na Bi Kikohozi akakohoa. Alikohoa kwa moyo wake wote. Alitulia, akakohoa tena, moshi wa buluu ukafunika ukuta wa shule, nasi tukapanda.

Tulipofika juu, milango ya ghorofa zote ilikuwa wazi.

Walikuwa wameshuka na mifuko na vikapu, wengine na taulo mabegani, watoto wametangulizwa mbele. Mshonaji alikuwa na kipande cha kitambaa kilichochomekwa pini. Yule mzee wa ghorofa ya juu ndiyo kwanza alikuwa anakanyaga ngazi ya mwisho.

"Siku hizi mkate unakuja jioni?" mtu aliuliza.

Spana alinitazama. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kubeba mkate.

"Tuna unga tu," nilisema.

"Mmeanza kuuza unga?"

"Hapana, mama. Tunarekodi."

"Mnarekodi unga?"

Kicheko kikazunguka uwanja mzima. Shangazi alikuwa ameshuka kwenye gari la umeme, na hakuna aliyekuwa amemsikia akifika, mpaka nesi alipogeuka na kumkuta nyuma yake.

"Nisamehe ya asubuhi," nesi alimwambia. "Lakini we mama, mimi nikirudi zamu nasubiri hicho kikohozi, nanunua, nakula, ndiyo nalala. Wiki hii sijalala vizuri."

"Nimekusikia," shangazi alisema. Alikuwa akiwatazama watu, mmoja mmoja, kama anayehakikisha wote wapo. "Kesho asubuhi. Teleka maji."

Tulipotaka kuondoka, Bi Kikohozi hakuwaka. Spana alijaribu, akafungua boneti, akagusa huku na kule, mwisho akaacha mkono wake umelala tu juu ya chuma cha moto. Hakutania.

"Amemaliza," alisema. "Tumwache ashuke mwenyewe."

Barabara ya kurudi ni mteremko mtupu. Alitoa gia, akamwachia taratibu kwa breki, mimi na shangazi tukashuka nyuma yake na lile la umeme. Bi Kikohozi aliteremka na unga wake wote bila kutoa sauti yoyote, na nilipotazama mbele na kusikiliza, sikuweza kutofautisha lipi kati ya yale magari mawili lilikuwa la petroli.

Jioni ile Spana alifunga spika ndogo juu ya paa la gari la umeme. Alichagua mahali kwa uangalifu sana, akaipindisha, akaipindua, akaifunika na kipande cha bati isinyeshewe. Nilimwonyesha jinsi ya kupunguza sauti kwenye simu. Alinionyesha jinsi ya kusikia, kwa bisibisi yake, mlio mwembamba wa beringi ya gurudumu la mbele. "Kumbe yumo mtu," alisema. "Ila anaongea kwa kunong'ona."

Ijumaa alfajiri tulitoka watatu. Kreti zilijaa, maana shangazi alioka kama zamani, bila kujiwekea akiba ya hofu. Kwenye kona Spana aliinua kidole, akasubiri gari lifike mahali hasa, akabonyeza.

Kikohozi. Kimya kidogo. Kikohozi.

Taa moja iliwaka, kisha nyingine, kisha safu nzima. Tulipofunga breki, mshonaji alikuwa anatoka mlangoni. Nesi alikuwa tayari nje, bado na sare yake, akilitazama gari jeupe lisilotoa moshi, akainua macho mpaka kwenye paa.

"Kwa hiyo huku ndiko mlikomweka," alisema, akachukua mkate wake.

Tulikuwa hatujamaliza kuuza mikate, simu ya Spana ikaita. Jamaa yake wa injini. Spana alimtazama shangazi, na shangazi akazitazama kreti: mbili za juu tupu, ya tatu inakaribia.

"Muulize mwenye kinu kama lori lake linaweza kuniletea unga," aliniambia mimi. Kisha akamgeukia Spana. "Na huyo, mwambie."

Spana aliweka simu sikioni. "Ee, ndugu yangu. Muuzie mwingine." Akasikiliza. "Hapana, hajafa, nani kakwambia amekufa? Amehamia juu."