Tikiti Lenye Dirisha

Kila neno la habari hii ni kweli tupu, kuanzia tikiti hadi mwiba, na anayebisha apande milima ya Kilungu akaulize. Mzee Mulinge mwenyewe ameiapia kwa kiapo chake cha siku zote: "Kama nimedanganya, nile ganda."

Kiapo hicho alikitumia aliposimulia habari za kuku wake aliyetaga ndani ya treni inayokimbia, yai la kwanza Emali, la pili Mtito Andei. Alikitumia pia aliposema kwamba mwaka fulani jua la Tseikuru lilichemsha maji humo humo kisimani, wafugaji wakawa wanateka na majani ya chai mkononi. Ganda lenyewe hakuwahi kulila. Watu walicheka, wakajifuta macho, wakaenda zao.

Kwa hiyo aliposimama kanisani wakati wa matangazo na kusema kwamba shambani kwake, huku juu kwenye baridi na ukungu, kumezaa tikiti maji, kanisa zima liliangua kicheko kabla hajafika kwenye ukubwa wake.

"Ongeza chumvi, Mzee!" akapaza sauti Muindi, jirani yake, ambaye ndiye huendesha mnada wa sadaka na ana koo la kufaa kazi hiyo.

Mulinge alikuwa tayari kuiongeza. Lakini mkewe, Syombua, akasimama upande wa akina mama. Syombua huwa hasimami. Huyu ni mwanamke ambaye akisema mvua itanyesha, watu huanua nguo.

"Hilo la leo ni la kweli," akasema. "Nimeliona, nimelishika. Ni la kijani kilichokolea, halina mistari, na ubavuni lina kovu mahali jembe lilipoligusa. Jumapili ya mavuno mtaliona."

Akaketi. Mulinge aliwatazama watu wakimtazama, na hakuna aliyekuwa akicheka. Walikuwa wamemwamini! Katika maisha yake yote ya kusimulia hakuwahi kuonja kitu hicho, na alikiona kitamu kushinda tikiti lolote.

Siku chache kabla ya Jumapili yenyewe, alienda shambani asubuhi akakuta nungunungu amepita. Tikiti lilikuwa limeliwa likaisha. Zilibaki mbegu zilizotapakaa, vipande vya ganda vyenye alama za meno, na kikonyo. Mulinge akaketi juu ya tuta.

Angekuwa peke yake, asingejali. Yeye kuitwa mwongo ni kama kuitwa jina lake. Lakini Syombua? Syombua aliyesimama mbele ya akina mama wote? Na akiwaambia nungunungu amelila, nani atamwamini? Hata Syombua, aliwaza, hataamini. Mtu aliyemlisha mkewe hadithi za kuku wa treni miaka yote hiyo, leo amletee nungunungu?

Akafukia maganda chini ya migomba, kikonyo akakitia mfukoni. Kesho yake akavaa koti.

"Ninashuka Emali," akasema, "kuulizia pensheni."

Syombua alikuwa mlangoni akifunga kitambaa chake cha kichwa, akikibana kwa kitu kirefu kama sindano.

"Huna la kuniambia kabla hujaenda, Baba Mutisya?"

"La kukuambia? Hapana."

"Basi nisalimie hiyo pensheni."

Duka la Kaltun liko hapo Emali, upande wa pili wa barabara kuu, malori yanapoegeshwa. Ni duka lenye kila kitu, na nje kumepangwa matikiti kutoka nchi za chini zenye joto, rundo limefika kiunoni. Kaltun mwenyewe huketi kwenye stuli kando ya rundo, kisu mapajani, na hana haraka na mtu.

Mulinge aliinama akaanza kugonga. Aligonga la kwanza kwa kifundo cha kidole, akategesha sikio. Akagonga la pili. Akagonga safu nzima.

"Mzee wangu," akasema Kaltun, "umepiga hodi kila nyumba. Kama kungekuwa na watu ndani, wangekuwa wameshakutilia maji ya kunywa."

"Binti yangu, mimi nilikuwa mtu wa reli. Nilikuwa nagonga magurudumu ya treni kwa nyundo, nasikia ufa ulioko ndani ya chuma. Tikiti litanishinda?"

Kweli alikuwa mtu wa reli. Kazi yake ilikuwa kupunga bendera ya kijani.

"Sawa. Hilo linasema nini?"

Mulinge alilaza sikio juu yake. "Hili bado linafikiria."

"Na hilo la kando?"

"Hili limeiva, lakini lina kiburi."

Kaltun akacheka hadi kisu kikataka kuanguka. Akaja akalibeba lile lenye kiburi, akaligeuza. "Angalia tumbo, mzee. Hapa lilipolalia udongo pawe pa manjano. Pakiwa peupe, lilichumwa likiwa mtoto. Kisha libebe. Liwe zito mpaka ushangae. Chukua hili, ni sukari tupu."

"Hilo lina mistari."

"Mistari inakuuma wapi?"

"Nataka lisilo na mistari. La kijani kilichokolea. Likiwa na kovu ubavuni, nitashukuru."

Kaltun alimtazama kutoka viatu hadi kofia. "Mzee, unatafuta tikiti la kula ama umepoteza ndugu?"

Walitafuta pamoja. Walishusha rundo lote, wapita njia wakawa wanasimama kuuliza nani ameibiwa. Chini kabisa lilikuwepo moja, la mviringo, la kijani kilichokolea, bila mstari hata mmoja. Kovu halikuwa nalo, lakini kovu lingetafutiwa maneno. Akaligeuza. Tumbo lake halikuwa jeupe, wala halikuwa la manjano. Lilikuwa katikati, kama mtu aliyeulizwa swali kortini.

"Hilo siwezi kuliapia," akasema Kaltun. "Linaweza kuwa zuri, linaweza kuwa figili."

Mulinge akalipakata. Aliiona Jumapili: kisu kinashuka, tikiti linafunguka, ndani peupe. Aliisikia sauti ya Muindi. Aliwaona akina mama wakigeuka kumtazama Syombua.

"Kama una shaka, nikukatie dirisha," akasema Kaltun. "Hapa kwangu mteja haendi nyumbani na shaka."

Na bila kungoja jibu akachoma kisu mara tatu, tak, tak, tak, akavuta kipande cha pembe tatu kwenye ncha. Kilikuwa chekundu kama udongo wa Kilungu baada ya mvua. Mulinge akaonja kidogo, akafumba macho.

"Ndilo," akasema. "Funga mlango."

Kaltun akakirudisha kipande mahali pake. "Ulile leo, ama kesho. Likishafunguliwa halina subira."

"Litangoja hadi Jumapili."

"Utaliambia wewe, mtu wa reli."

Jumamosi mchana, Syombua akiwa mtoni, Mulinge alifanya kazi ya fundi. Aliziba dirisha kwa uji mzito, akaupaka udongo, akakausha juani. Akafunga kile kikonyo cha mmea wake mwenyewe juu ya tikiti kwa uzi, kwa hiyo mtu angesema kweli kwamba sehemu fulani ya tikiti hilo ilitoka shambani kwake. Syombua aliporudi, alilikuta mezani.

"Nimelichuma," akasema Mulinge.

Syombua alilizunguka. "Kovu liko wapi?"

"Limepona."

"Limepona," akarudia Syombua, akatengeneza kitambaa chake cha kichwa. "Huna lingine la kuniambia, Baba Mutisya?"

"Lingine? Hapana, Mama Mutisya. Hilo tu."

Jumapili ya mavuno meza ilijaa hadi ikalegea miguu: mahindi, maparachichi, kabichi, jogoo mmoja aliyefungwa miguu na kukasirika. Ibada ilipokwisha, watu walitoka nje na Muindi akaanza mnada. Na mnada wa sadaka unajulikana: ukishinda kitu huendi nacho. Unampa mgeni, mgeni anakirudisha mezani, kinauzwa tena, na kabichi moja inaweza kujenga ukuta wa kanisa kabla haijaonja chungu.

Tikiti la Mulinge ndilo lililogombaniwa kuliko yote. Watu walitaka kulishika. Lilipita mkono hadi mkono, likapigwa vikofi, likabusiwa na bibi mmoja. Mchungaji akalinunua akalirudisha. Akina mama wakalinunua kwa heshima ya Syombua, wakalirudisha. Mulinge alikuwa amesimama kifua mbele, akiombea uji wake.

"Tikiti la kwanza katika historia ya milima hii!" Muindi akapaza sauti, akaliinua juu ya kichwa chake kwa mikono miwili. "Nilicheka, leo natubu! Nani anaongeza?"

Uji haukuongeza. Jua lilikuwa limeshaukausha, ukapasuka, na kipande cha pembe tatu kikachomoka kikamwangukia Muindi kwenye paji la uso. Nyuma yake ukafuata mchirizi mwekundu, ukashuka kwenye pua.

Jogoo akawika.

Muindi alijilamba mdomo. Akalishusha tikiti, akachungulia.

"Mzee Mulinge," akasema taratibu, "tikiti lako lina dirisha."

"Ni kindi," akasema Mulinge papo hapo. "Kindi wa huku kwetu hali ovyo kama kindi wengine. Anakata dirisha, anaonja, akiona bado anafunga, anarudi wiki ijayo."

"Kindi ana kisu?"

"Meno, Muindi. Nimemwona kwa macho yangu. Na akimaliza anasiliba kwa udongo ili ndugu zake wasijue. Kama nadanganya, nile ganda!"

Watu walishaanza kucheka, na Mulinge akaona mlango wa kutokea. Kicheko kilikuwa chake, alijua namna ya kukipanda. Alikuwa anafungua kinywa kumpa kindi huyo mke na watoto, ndipo Muthoki, mwenyekiti wa akina mama, akainama chini ya meza akatoa tikiti jingine.

"Hili nililinunua jana kwa chakula cha mchungaji," akasema. Akaligeuza. Lilikuwa na dirisha la pembe tatu, sawasawa na lile. "Kwa Kaltun, pale Emali. Ndivyo anavyokata. Huyo kindi wako ana duka, Mzee?"

Kicheko kilichofuata kilisikika bondeni. Ila ni vizuri kusema kwamba wachache kati ya waliocheka walinyamaza haraka, wakawa wanaziangalia kabichi zao, maana kabichi za Emali hujulikana kwa ukubwa wake.

Mulinge hakuangalia kabichi. Alimwangalia Syombua, aliyekuwa ameketi wima na mikono mapajani. Kwa mara ya kwanza maneno yalimtoka bila kupambwa.

"Lilikuwepo," akasema. "Tikiti letu lilikuwepo. Mama Mutisya hakudanganya. Nungunungu amelila. Ndiyo maana nikaenda Emali, asije akaonekana mwongo kwa ajili yangu. Huo ndio ukweli."

"Nungunungu!" Muindi akashika mbavu. "Kindi amekataliwa, sasa analeta nungunungu! Kesho atatuambia ni tembo!"

Walicheka kuliko walivyomcheka kuku wa treni. Mulinge alisimama katikati yao na ukweli wake mkononi, na hakuna aliyeutaka hata kwa mnada.

"Umeapa, Mzee," akasema Muindi, akilipasua tikiti mezani. Lilikuwa tamu, watoto waliling'ang'ania hadi likabaki ganda. Muindi akachagua kipande cha ganda kinene, akakipangusa kwa shati, akamkabidhi kwa mikono miwili kama sadaka. "Lipa."

Mulinge akauma. Ganda la tikiti halina huruma. Alitafuna, akatafuna, macho yakamtoka maji, watu wakihesabu mara anazotafuna. Na kinywa kilipokuwa kimejaa kabisa, hawezi kusema hata "aa", Syombua akainuka.

Alipeleka mkono kwenye kitambaa chake cha kichwa, akachomoa ile sindano ndefu, akaiweka juu ya meza kati ya mbegu. Ilikuwa na mistari myeupe na myeusi.

Muindi akaishika, akajichoma nayo kidole. "Huu ni mwiba wa nungunungu."

"Niliuokota shambani asubuhi ile, kabla yeye hajafika huko," akasema Syombua. "Na maganda yenye alama za meno yako chini ya migomba, anayetaka akafukue. Nililosema mbele yenu lilikuwa kweli."

Mulinge akameza kwa nguvu. "Na umenyamaza tangu siku hiyo?"

"Nilikuuliza nikiwa mlangoni, nikakuuliza mezani. Nilikuwa nangoja uniambie."

"Nilidhani hutaniamini."

"Mimi ndiye niliyesimama," akasema Syombua.

Mulinge alimvulia mkewe kofia, jambo ambalo Kilungu nzima inalikumbuka zaidi ya tikiti. Alinyoosha mkono aweke ganda lililobaki mezani, kwa kuwa sasa nungunungu amethibitishwa.

Syombua akaurudisha mkono wake.

"Nungunungu ni wa kweli," akasema. "Kindi je?"

Mulinge akamtazama Muindi, akamtazama mchungaji, asione wa kumtetea. Akaketi kwenye benchi, akauliza kwa upole kama kuna mtu ana chumvi, akauma tena.