Programu Yatima

Wifi alipiga simu saa nne asubuhi, wakati Dada Kebo amelala kifudifudi chini ya meza ya mteja, akifuata waya uliotafunwa na panya. Jina la Kebo alipewa kwa sababu hakosi waya shingoni, naye ameshalizoea.

"Wifi, kompyuta ya kuchapia imemaliza kuhamia toleo jipya. Sasa inaniuliza: imepatikana programu yatima moja, iondolewe? Nijibu nini?"

Wifi, mjane wa kaka yake Kebo, haoni. Kompyuta humsomea kwa sauti, naye huijibu kwa vidole, na kwa kuchapa maandishi ya nukta nundu pale shuleni anakofanya kazi hakuna anayemfikia. Lakini jambo asilolijua haligusi mpaka aulize.

"Bonyeza ndiyo," Kebo alisema, hata tochi hakuizima. "Yatima ni masalia tu. Hakuna anayeyategemea."

Wifi akabonyeza. Kebo akarudi kwenye waya wake.

Saa nane simu ikalia tena. Mtambo wa kuchapia nukta umegoma kabisa, na Jumatatu wanafunzi thelathini na mmoja wasioona wanafanya mtihani. Kebo alifika shuleni anahema, akafungua orodha ya vilivyoondolewa. Kulikuwa na kitu kimoja tu: programu ya kaka yake. Akaketi.

Kaka aliiandika mwenyewe ili mtambo ule mkuukuu uweze kuchapa Kiswahili, akaipachika kwa mkono wake. Ghala kuu, kompyuta inakochota programu zake, halikuipokea kamwe. Aliwaomba wanaolisimamia mara mbili, wakamjibu haina watumiaji wa kutosha. Hata hivyo mfumo una adabu kuliko watu. Programu isiyomo ghalani huiacha ilipo; haiisasishi wala haiisumbui. Za kufagiwa ni zile zilizoletwa kuisaidia programu fulani, kisha programu hiyo ikaondoka. Siku ya kuhamia toleo jipya ndipo huuliza kuhusu aina zote mbili, kila moja kwa jina lake, ili mwenye kompyuta aamue.

Kebo akaiagiza upya. "Haimo ghalani," kompyuta ikasema kwa sauti. Akaiagiza tena, kama mtu anayebisha hodi nyumba iliyohamwa, ikasema vilevile. Nakala ilikuwa kwenye laptopu ya marehemu, na laptopu baba mdogo aliibeba wiki moja baada ya mazishi, eti mali ya ukoo, akafuta kila kitu apate nafasi ya kuweka mechi. Kebo alikuwepo siku ile. Alinyamaza.

"Imeondoka ipi?" wifi akauliza.

"Ya kaka."

Wifi alipapasa kifuniko cha mtambo, akauacha mkono pale. "Si ulisema masalia?"

Hapo Kebo akatema ukweli. Ujumbe ule wa kompyuta aliutafsiri yeye, miaka mitano nyuma, alipojitolea kuugeuza mfumo uwe wa Kiswahili. Alisifiwa sana, na sifa zile alizipenda. Kwenye maandishi ya asili kulikuwa na maneno mawili tofauti, moja la masalia na moja la programu zisizomo ghalani. Yote mawili akayaita yatima, kwa kuwa alikuwa na haraka na neno lilimpendeza.

"Na leo hukukumbuka?"

"Sikukumbuka, wifi. Wala sikukuuliza jina lake."

"Hilo la pili lilitakiwa liwe nini?"

"Mgeni."

Wifi akacheka, kicheko kifupi kikavu. "Mgeni ningemwacha. Ningekupigia hata mara tatu kabla ya kumtoa. Lakini umeniambia yatima, na mimi nimelea wa kaka yako miaka mitatu kati yenu. Najua mnavyowafanya. Nikaona ni kawaida."

Kebo akaifunga ile orodha ya vilivyoondolewa. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona hasira, na hasira yenyewe haikuwa na wa kumwangukia ila yeye mwenyewe.

Wifi alikuwa ameshafungua droo. Alitoa kibao na kalamu ya chuma ya kutobolea nukta kwa mkono, moja baada ya moja, akabana karatasi ya kwanza kati ya thelathini na moja.

"Usilie hapa," akasema. "Nisomee swali la kwanza."