Marehemu Aliyekuja kwa Miguu Yake

Karani wa daftari la wapiga kura aliweka rula juu ya ukurasa, akapitisha kidole kwenye mstari mwekundu, kisha akamtazama mshonaji kana kwamba yeye ndiye aliyekosea.

"Hapa umefariki, mama."

"Na hapa nimesimama."

"Mimi nasoma kilichoandikwa."

Kilichoandikwa kilikuwa kazi ya mkono wake mwenyewe. Miezi mitatu nyuma, mume wa mshonaji alipofariki, karani alitakiwa kukata jina moja tu. Lakini daftari lile huorodhesha watu kwa nyumba, mume juu na mke chini yake, na karani huwakata wafu kwa rula na wino mwekundu ili mistari inyooke. Siku hiyo alipiga mistari miwili. Mume kaenda, mke kafuatishwa. Kukiri kosa hakutaka ng'o. Alijitia hamnazo, akachomoa fomu kwenye droo.

"Aliyeripoti kifo ndiye atakayethibitisha kwa maandishi kwamba uko hai. Aweke jina lako, tarehe na sahihi. Tunafunga saa kumi leo, na daftari halifunguliwi tena mpaka kura ya maoni ipite."

Aliyeripoti kifo alikuwa shemeji yake, na mshonaji angekuwa radhi kumeza sindano kuliko kumwomba mtu yule kitu. Watu walimwita Mwenyekiti, maana haikuwahi kuundwa kamati mtaani akakubali iongozwe na mwingine. Tangu mazishi alikuwa anaitolea macho nyumba ya kaka yake. Katiba mpya iliyokuwa inangoja kura wiki mbili baadaye ilikuwa na ibara moja fupi iliyomnyima usingizi: mjane hatatolewa katika nyumba ya ndoa. Mshonaji aliikariri ibara hiyo kwenye cherehani, akishona kola za sare za shule. Nchi yenye wapiga kura mamilioni isingeona pengo la mmoja, hilo alilijua. Lakini kura ile ilikuwa yake na aliitaka. Akameza kiburi, akampigia simu.

Mwenyekiti alifika saa tisa na nusu, hana haraka. Akaisoma fomu, akacheka kwa pua.

"Kwa hiyo, shemeji, bila mimi wewe ni maiti."

"Jaza fomu, shemeji."

"Nitajaza. Kwanza uape mbele yangu kwamba utapiga Hapana."

"Siapi."

"Basi pumzika kwa amani."

Mtu mmoja kwenye benchi alicheka. Mshonaji akamgeukia shemeji yake.

"Kaka yako alilala hospitali siku arobaini," alisema. "Ulikuja mara moja tu, tena kuuliza hati ya nyumba iko wapi. Hata pole hukumpa. Wewe ni mwizi, shemeji, na sasa unataka kuniibia hata kura."

Aliyecheka akaacha kucheka. Mwenyekiti alizoea watu wanaonyoosha mkono kwanza ndipo waseme. Alitazama huku na huku, akakwapua karatasi na kalamu mezani.

"Hiyo karatasi ni ya ofisi," karani alisema.

"Nyamaza wewe. Kazi yako ni kugonga mihuri."

Akaandika kwa kukandamiza, huku akisoma kwa sauti kama afanyavyo vikaoni. Alianza na majina yote matatu ya mshonaji. "Nakupa siku saba uhame katika nyumba ya ukoo wetu. Ukikaidi, nitakutoa mwenyewe." Akatia tarehe, akatia sahihi iliyojaa nusu ukurasa, akamtupia mshonaji.

Karani aliidaka. Hakuwa mtu mwema, na hata sasa hakuwa anamhurumia mjane; lile neno la mihuri ndilo lililomkaa kooni. Aliisoma barua mara mbili.

"Umeiandika mwenyewe?"

"Si umeniona?"

"Unamwandikia mama huyu?"

"Kwani kuna mwingine hapa?"

"Hakuna," karani alisema. "Na maiti haambiwi ahame. Jina lipo, tarehe ipo, sahihi ya aliyeripoti kifo ipo." Akagonga muhuri kwa nguvu zote za mkono wake, akaanza kuandika jina la mshonaji upya, bila rula.

Mwenyekiti alinyoosha mkono. "Lete barua yangu."

"Ni ya daftari sasa."

"Naomba nakala," alisema mshonaji. Hakujali nani anamsikia. "Naibandika mlangoni leo hii. Mtaa mzima uisome kabla ya siku ya kura, wajane wote waisome, waone ibara ile imewekwa kwa ajili ya watu gani."

Mashine ya nakala ikaanza kunguruma. Mwenyekiti akamsogelea, akashusha sauti, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akaongea kama mtu anayeomba.

"Shemeji, haya si mambo ya ofisini. Twende tukayamalize nyumbani."

Mshonaji akapokea nakala yake, ikiwa bado ya moto.

"Nyumbani kwa nani?" akauliza.